Buibui Aliyefunga Mlango

Babati ilipotangazwa kuwa makao ya mkoa mpya, kila mtu alitaka kujenga. Waliokuja na ofisi walitaka nyumba, wenye viwanja walitaka vyumba vya kuwapangisha hao waliokuja na ofisi, na sisi wafyatua matofali wa Nakwa tukawa watu wa maana ghafla. Tulisalimiwa hata na waliokuwa hawatujui. Nilikuwa nimeishia la saba, ila kichwani nilikuwa na mipango mikubwa kuliko yote iliyofungiwa kwenye makabati ya ofisi hizo.

Asubuhi moja nikiwa nachimba udongo, jembe langu lilifungua shimo lililonyooka kama bomba, kuta zake zimepakwa utando mweupe. Chini kabisa alikaa buibui mkubwa kama kiganja cha mtoto, rangi ya nyasi kavu, mwili mzima manyoya. Aliinua miguu ya mbele akanionyesha meno. Mwenzangu tuliyekuwa tunashirikiana naye kalibu ya kufyatulia matofali akasema, "Mpige koleo, unangoja nini?"

Sikuweza. Mtu amevunjiwa nyumba asubuhi asubuhi, halafu apigwe na koleo. Nilimwaga makande yangu ya mchana juu ya jani la mgomba, nikamsukuma buibui kwa kijiti mpaka akaingia kwenye kopo lililokuwa na makande.

Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshamjengea banda la maonyesho. Watalii walikuwa wakipita Babati vioo vimefungwa, wanawahi mbugani, hawashuki hata kununua ndizi. Viboko wa ziwani kwetu hujionyesha bure, nani anawajali? Buibui wangu angekuwa na kibao chake barabarani, na mimi ningesimama mlangoni nimevaa shati la kola, natoa maelezo.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane wa Kigorowa, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Alichungulia ndani ya kopo, akarudi nyuma hatua moja.

"Anauma?"

"Akichokozwa, mama."

"Hata mimi. Asitoke tu humo."

Basi nikatafuta ndoo ya rangi iliyokwisha kazi, nikatoboa kifuniko chake kwa msumari wa moto, nikaijaza mchanga laini wa mtoni. Nilidhani namtandikia godoro. Buibui alizunguka ukutani siku nzima akitafuta pa kujificha. Kila alipojaribu kuchimba, mchanga ulimporomokea. Mwishowe alijikunyata chini ya gae la chungu nililomwekea, akanigeuzia mgongo.

Habari zilienea mtaani, vijana wakaja kutazama. Nilifunua kifuniko kwa madaha, wakaona mchanga.

"Mambo ndiyo haya? Umefuga mchanga?"

"Yupo chini ya gae. Ana haya."

"Mtu wangu, mchanga hata kwetu Sigino upo, tena heka mbili."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hapo ndipo nilipoanza tabia mbaya ya kuinua gae kila asubuhi na kila jioni, nimwone kama ni mzima, na akiwa mzima aonekane. Kadiri nilivyomfunua ndivyo alivyozidi kunywea. Panzi niliowatia ndani walikuwa wakiruka juu ya gae lake kama watoto wa jirani kwenye paa, wala hakuwagusa. Nikaanza kukosa usingizi, kwa kweli. Nilidhani ana huzuni.

Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta mahindi, akanitazama nikiinua lile gae kwa mara nyingine.

"Wewe, hebu nikuulize. Kila ukilala mtu aje ang'oe bati, akuchungulie, arudishe. Ungekaa kwangu?"

"Ningehama, mama."

"Yeye ahamie wapi, umemfunika?"

Nilitafakari hilo nikiwa kazini. Shimo nililolivunja kule lilikuwa kwenye udongo mgumu, ule unaoshika. Udongo kama huo nilikuwa naushindilia kwenye kalibu kutwa nzima na akili haikunijia. Jioni ile nilimwaga mchanga wote, nikajaza ndoo udongo wa kichuguu wenye unyevu kidogo, nikaushindilia kwa ngumi kama tofali, halafu nikatoboa kishimo pembeni kwa mpini wa mwiko, kumwonyesha njia tu. Nikamrudisha, nikafunika, nikajizuia kuchungulia. Kujizuia kulinishinda. Niliweka jicho kwenye tundu la msumari.

Alikuwa anajenga. Alikusanya udongo kwa meno na miguu, akaufinyanga kuwa vidonge, akavifunga kwa utando, akapanda navyo juu na kuvimwaga, kisha akashuka tena. Sijawahi kuona saidia fundi wa namna ile, asiyeomba maji wala kuuliza chakula kitakuja saa ngapi. Alipomaliza alipaka mdomo wa shimo utando mweupe, akakaa pale ndani, ncha za miguu tu zikionekana. Panzi alipokanyaga ule utando, sikuona kilichotokea. Palikuwa na panzi, pakawa hapana panzi.

Nikaelewa kuwa sikuwa nimefuga mnyama mwenye haya. Shimo lilikuwa nyumba yake, na pia mtego wake na blanketi lake. Banda la maonyesho lilianza kubadilika kichwani: watalii wangekuja kutazama shimo, na mimi ningeeleza kwa ufundi zaidi.

Tumbo lake lilijaa, likawa kama zabibu kubwa. Halafu akaacha kula. Asubuhi moja nikakuta mdomo wa shimo umezibwa kabisa kwa udongo na utando, huwezi kujua kama hapo paliwahi kuwa na shimo.

Jirani yangu wa chumba cha pili ndiye aliyeniharibia. Alikuwa karani, mtu wa pwani, ameletwa na mkoa kama zilivyoletwa meza na viti. Alikuwa muungwana sana, ila alikuwa akichomeka suruali ndani ya soksi kila anapoenda msalani giza likiingia.

"Katoka huyo," alisema, amesimama mbali na ndoo. "Jana nimemsikia darini."

"Darini ni panya, kaka."

"Panya hatembei na miguu minane."

"Uliihesabu?"

Mama mwenye nyumba hakucheka. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake kupokea akina mama wa jumuiya kwa sala, na wangekaa mikekani uani. Aliweka birika jikoni.

"Mwanangu, nimekuvumilia. Nionyeshe yupo, au fukua nione. Usipompata, tutatoa vitu vyote vyumbani. Ukimpata, namwaga maji ya moto, yaishe. Siwezi kukalisha wageni na mdudu sijui yuko wapi."

Nikifukua ningemponda au kumkata, maana sikujua amelala kina gani. Nisipofukua, birika lilikuwa linaanza kuimba. Nilipiga magoti, nikamsogezea ndoo karibu.

"Mama, tazama hapa. Huu utando umefumwa kutokea ndani. Udongo umesukumwa kuja juu. Mtu aliyetoka hafungi komeo la ndani."

"Anaweza kuwa katoka akafunga kwa nje," karani akasema. "Mimi nikitoka nafunga kwa nje."

Mama akamgeukia polepole. "Wewe una kufuli. Huyu kufuli lake liko mfuko gani?"

Karani akatazama soksi zake. Mama akainama juu ya ndoo, akagusa kile kizibo kwa kidole kidogo tu.

"Ameacha kula lini?"

"Muda sasa, mama."

"Na tumbo?"

"Lilikuwa limejaa sana."

Kisha akasimama, akaenda akaliepua birika.

"Sasa si useme mapema? Kajaa tumbo, kakataa chakula, kajifungia ndani. Huyu ni mzazi. Nyumba ya mzazi haivamiwi, hata awe nani."

Mimi sikujua kama ni mzazi au si mzazi. Nilichojua ni kwamba maji ya moto yameepuliwa, na aliyesema ni mkubwa wangu, na mkubwa habishiwi. Nikaitikia kwa adabu zote, "Ndiyo, mama." Akaifunika ndoo kwa kanga yake kuukuu, akaibeba mwenyewe mpaka stoo yake ya mahindi, mahali penye giza na utulivu.

Jumamosi akina mama walikuja. Baada ya sala, chai ikipita, mwenyeji wao aliwaomba wapunguze sauti kwa sababu ndani kuna mzazi. Walipouliza ni nani, akawaeleza waziwazi, buibui wa kijana. Wengine waliinua miguu kutoka mkekani. Mmoja akasema mdudu hana uzazi. Mwingine akajibu kwamba kuku analalia mayai na hakuna anayemsumbua, sasa buibui kakosa nini?

"Na baba yake yuko wapi?" akauliza bibi mmoja, kikombe mkononi.

"Hajulikani," mama mwenye nyumba akasema. "Ila huyu wa ofisini ndiye anayesikia nyayo zake usiku."

Karani alikuwa anapitisha sahani ya maandazi. Aliiweka chini, akaingia chumbani kwake, na maandazi yakaliwa bila yeye.

Baada ya siku kadhaa mama aliniita, sauti yake iko chini, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kizibo kilikuwa kimefunguka. Pale mdomoni palilala buibui wangu, miguu imekunjamana, mwepesi, mkavu, amepasuka mgongoni.

Machozi yalinitoka mbele yake, sikuona aibu. Mama aliuokota ule mwili kwa ncha za vidole, akaupeleka mwangani mlangoni. Mwanga ukapita ndani yake.

"Hamna mtu humu," alisema. "Hili ni koti."

Tukainama wote wawili juu ya ndoo. Kule chini, mbali kidogo na mdomo wa shimo, zilionekana ncha za miguu mipya, manyoya yamenona, rangi imekolea kuliko ya kwanza. Alikuwa anakaa kimya kama mtu aliyetoka kuoga.

Kwa hiyo hakuzaa. Nilimtazama mama kwa pembeni, maana buibui alikuwa amepona birika kwa heshima ya uzazi tu, na sasa heshima yenyewe ilikuwa haina mtoto. Aligeuzageuza lile koti kiganjani muda mrefu.

"Kajizaa mwenyewe," akasema mwishoni. "Kazi hiyo nani anaiweza? Panzi usimpe kwanza, mwache apate nguvu."

Niliinama kuichukua ndoo niirudishe chumbani kwangu. Akanizuia mkono.

"Iache. Ukimtikisa ataanza kujenga upya, na hapa ameshapazoea."

Stoo ilikuwa yake na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Tangu siku hiyo nikitaka kumwona buibui wangu ilinibidi nisimame mlangoni kwa mama mwenye nyumba na kupiga hodi. Mara nyingi nilijibiwa kutoka ndani kwamba amejifungia, nije jioni.