Bibi Alivyonyanyuka Kwenye Baleti

Mpaka leo nikisikia harufu ya vidonge vya kufukuza nondo, miguu inaniwasha kutaka kunyanyuka. Harufu hiyo ilijaa ukumbi wa kanisa, kwetu Makandana, alasiri waliyokuja Wazungu kucheza baleti, ngoma yao isiyo na maneno, maana kila mama alikuwa ametoa sandukuni kitenge chake cha sikukuu.

Shangazi yangu, aliyewahi kusoma Ulaya, alitufunda wiki nzima, mimi na Bibi, mama yake. Tukae kimya. Vigelegele hakuna, na makofi tungoje wenyewe waanze. Wachezaji wasiposema neno tusiulize kwa nini, pale miguu ndiyo inayosema. Na kubwa kuliko yote, asinyanyuke mtu. Bibi alikuwa akimenya ndizi. Aliitikia "Haya" bila kuinua kichwa. Mimi nilimeza kila neno, kwani Shangazi aliahidi kwamba nikitulia mpaka mwisho atanichukua nikasome kwake, Mbeya mjini. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwahi kumaliza sala bila kugeuka nyuma mara tatu.

Basi nikaikalia mikono yangu. Viatu vya mitumba, iliyokuwa imeanza kujaa sokoni miaka ile, vilinibana vidole. Mvua iligonga bati. Kule mbele msichana mwembamba, mabega wazi kwenye baridi yetu ile, alizunguka juu ya ncha za vidole, kisha akayumba, akaanguka taratibu na kulala sakafuni. Muziki ukakoma. Hakuna aliyejua kama imeisha.

Bibi akanyanyuka.

"Mama, kaa!" Shangazi alinong'ona. "Anaigiza tu."

"Na baridi nayo anaigiza? Mwone anavyotetemeka!"

Kwetu mtu akianguka hukai kitini ukamtazama. Bibi alipanda jukwaani, akavua kitenge alichojitanda, akamfunika yule msichana na kumsugua mabega. "Pole mwanangu, pole." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shangazi akafunika uso kwa mikono. Mama mmoja wa kiti cha mbele akanigeukia.

"Wewe, yule si bibi yako?"

Nikatikisa kichwa. "Simjui."

Wakati huohuo niliona vidole vya yule mgeni vikikivuta kitenge mpaka shingoni, na kukishikilia. Kweli alikuwa anasikia baridi.

Mbeya nilipelekwa. Bibi alinisindikiza mpaka stendi akiwa amejitanda shuka, kitenge alimwachia mgeni wake, na jibu langu hakulitaja mpaka anakufa. Sijui kama alilisikia. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile nilitulia. Leo naona aibu hata kuwasimulia.

Nimeshaona baleti nyingi tangu hapo. Anayekwenda mara ya kwanza akiniuliza afanyeje, namwambia yote ya Shangazi, halafu naongeza langu moja: akinyanyuka mtu wa kwenu, sema ni wa kwenu.