Jina la Sikuli kwenye kompyuta

Mama Ange ni mtu wa kukuwekea fufu na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, hata kama umekuja kumgombeza, na mimi nimekwenda kwake kumgombeza mara nyingi. Ni jirani yangu hapa mtaani Keshero, mjane, mzaliwa wa Butembo. Anauza maharagwe, anafundisha katekisimu, na sebuleni ana kompyuta kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe, Papa Sikuli, kiongozi wa korali ya parokia.

Mimi Fabiola kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na hiyo ya Mama Ange ilinitoa jasho. Ilishikwa na trojani, yaani virusi anayejivika sura ya kitu chema ili umfungulie mlango mwenyewe. Namtoa, mashine inapona, Jumapili ikipita amerudi. Virusi hawa huja na flashi, na katika mji wetu kila mtu anatembea na flashi akiomba nyimbo kwa mwenzake. Uvumilivu mimi sikujaliwa.

"Mama Ange, nani anaingiza flashi yake humu?"

"Hakuna mutu, Fabi. Kula kwanza."

"Siku nikiipata hiyo flashi, nitafuta vyote viko ndani!"

Alinipakulia sambaza nyingine.

Jumapili moja baada ya misa nikapiga hodi na kuingia papo hapo, bila kungoja karibu. Nikamkuta mbele ya kompyuta, bado na kitenge cha kanisani. Kifuko cha rozari kilikuwa wazi mezani, na flashi iliyokaa humo ilikuwa imechomekwa kwenye mashine. Akaifunika kwa kiganja.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikasema, nikajuta hapo hapo, maana alikuwa analia.

Flashi ilikuwa ya Papa Sikuli. Humo alirekodi mazoezi ya korali, yaliyofanyika hapa hapa sebuleni, na kila Jumapili mkewe aliichomeka ili asikie sauti yake. Nakala nyingine hana.

"Ulisema utafuta vyote," aliniambia. "Mashini ikigonjwa, igonjwe. Miye sauti ya bwana yangu njo naogopea."

Nikakimbia nyumbani kuleta mashine yangu, ambayo trojani yule hawezi kuidhuru, nikachomeka flashi. Palikuwa na folda moja yenye jina la Sikuli. Kumbe haikuwa folda. Virusi aliificha folda ya marehemu, akajivika alama ya folda hiyo na jina lake. Kila Mama Ange alipombofya, virusi alimfungulia nyimbo za kweli, naye wakati huo huo anajiingiza kwenye kompyuta.

"Huyu haiko Papa Sikuli, Mama. Ni mwizi, anavaa koti yake. Nyimbo ziko, zimefichwa tu."

Nilipoweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akauweka mkono wake juu ya wangu. "Usimufute, mutoto wangu."

Mimi pia niliogopa, kwa kuwa flashi za zamani hufa bila kuaga. Nikangoja. Alipiga ishara ya msalaba kwa mkono wa pili, kisha akaukandamiza wangu mwenyewe hadi kitufe kikabonyea. Jina likatoweka. Akapiga ukelele mdogo, nami nikaharakisha kuvitoa vilivyofichwa. Jina la Sikuli likarudi, safari hii lake kweli. Pembeni yake ilikuwapo rekodi moja iliyokaa nje ya folda; virusi aliificha nayo asiifungue kamwe, kwa hiyo Mama Ange hakuwa amewahi kuisikia.

Nikaifungua. Sauti nzito ikajaa nyumba, ikiwakemea waimbaji wa besi kwa kuimba na usingizi. Kisha ikakohoa.

"Mama Ange, leta mayi!"

Mama Ange akasimama. Hakufikiri hata kidogo. Akaingia jikoni, akarudi na kikombe kimejaa maji, na hapo ndipo alipokumbuka. Akabaki katikati ya sebule, hajui ampe nani.

Nikanyoosha mikono miwili, nikakipokea. Nikanywa yote.