Spika ya Chumba cha Baba

Baba alikuwa na santuri moja tu. Mama aliiweka katika sanduku lake la nguo, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Ilirekodiwa nikiwa bado sijaanza shule, siku watu wenye gari na mashine walipopita Ndhiwa wakitafuta wapiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi nane. Baba alipiga nyimbo mbili, moja kwa kila upande wa santuri. Baadaye wakamletea nakala, lakini kwetu hapakuwa na gramafoni. Aliwahi kuisikia mara moja tu, dukani Rodi Kopany siku ya soko, watu wakipiga kelele kiasi kwamba hakusikia hata nusu yake.

Miaka michache baada ya uhuru, upande wake wa kulia ulipooza. Mkono ulilala pajani, na mguu akawa anauburuta. Nyatiti ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kiti chake. Akamwambia mama aitoe pale na kuiweka mahali asipoiona.

Wakati huo nilikuwa karani Homa Bay. Kazi yangu ilikuwa kuandika yale yaliyosemwa mikutanoni, nani amesema na amejibiwa nini, na mazoea hayo niliyabeba hadi nyumbani. Ndiyo maana nina daftari ambamo niliandika maneno ya baba Jumapili moja, tukiwa tumekaa wawili.

"Usiku huwa natafuta zile nyimbo," alisema. "Maneno ninayo. Lakini mkono ulikuwa unasema nini chini ya maneno, hilo limeniponyoka."

Wiki iliyofuata nilinunua gramafoni ya betri kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akihamishwa. Spika yake ilikuwa ndani ya kifuniko, ndogo na mbovu. Ukipunguza sauti, ilikwaruza kama nyuki aliyefungiwa koponi, ukiongeza, ilipasuka. Niliambiwa Suna, huko Migori, kuna fundi anayeuza spika zinazoungwa kwa waya, nikapanda basi na santuri nikaipakata.

Fundi alikuwa Mkuria mnene, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nilipomwambia mimi ni karani na spika ni ya chumba cha baba, alianza kunihoji kabla hajanionyesha chochote.

"Karani, hicho chumba ni hatua ngapi?"

"Tano kwa nne."

"Juu ni mabati au nyasi?"

"Nyasi. Kuta za udongo."

"Watasikiliza wangapi?"

"Mmoja. Mgonjwa. Hataki kelele."

Akatoa spika mbili. Ya kwanza ilikuwa kabati zima lililopigwa vanishi, kitambaa cha dhahabu mbele, limetoka katika baa moja iliyofungwa. Ya pili aliitengeneza mwenyewe: kisanduku cha mvule kinachoweza kubebwa kwapani, bila nakshi yoyote. Aliweka santuri yangu kwenye gramafoni yake, akaunga moja baada ya nyingine, kila mara akipunguza sauti hadi karibu kuzima, kisha akanituma nisimame kwenye kona ya mbali.

"Kila spika inaweza kupiga kelele," alisema. "Mimi huipima ikinong'ona. Unasikia nini?"

Kwa ile kubwa nilisikia nyuzi nene zikivuma vizuri. Kwa kile kisanduku nilisikia kidogo kuliko hapo, au ndivyo nilivyodhani. Fundi aligonga mvule kwa ukucha. "Chukua hii. Hiyo nyingine ni ya watu waliolewa."

Lakini niliona aibu kumpelekea baba yangu kisanduku. Alikuwa mtu aliyeitwa kwenye matanga ya mbali, watu wakimfungulia njia. Nikachukua kabati.

"Haya, karani," fundi alisema akinisaidia kulifunga kamba. "Kisanduku chako nakuwekea hapa."

Nilifika nyumbani Jumamosi alasiri, kabati likiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi. Mama alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa nguo nyeupe za Sabato. Alilizunguka mara mbili.

"Nilikuambia ulete mke. Umeleta kabati?"

"Ni spika, Mama."

"Inakula nini?"

"Betri."

"Basi ina nafuu kuliko mke wa siku hizi. Lakini leo ni Sabato, haitafunguliwa mdomo."

Jumapili asubuhi nilimkuta baba ameshanyolewa ndevu, amevaa koti, na ameketi mbele ya kabati tangu kabla ya uji.

Niliweka santuri. Chumba kilijaa mvumo hadi vikombe vikalia mezani, na majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja wakipongeza. "Jaduong' amerudi!" mmoja alisema, kwa jina tunalomwita mzee wa heshima kwetu, na wengine wakapiga makofi. Baba alisikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho. Nilipotaka kugeuza, aliinua mkono wa kushoto.

"Chuma kiko wapi?"

Nilijua anachouliza. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala karibu na ardhi. Nyuzi nane ni kazi ya vidole vya mkono. Lakini kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa nyatiti mwanzo hadi mwisho. Mdundo huo ndio unaoubeba wimbo. Kabati lilikuwa limeumeza wote.

"Huyo anayepiga hana mguu," baba alisema, akageuza uso kuelekea ukutani. Majirani waliondoka polepole wakijifanya wana kazi shambani.

Nilirudi Suna Jumamosi mbili baadaye. Fundi hakunicheka; kicheko kingekuwa rahisi zaidi kukistahimili. Alikifuta kile kisanduku vumbi kwa mkono wa shati na kuuliza tu, "Mzee alisema nini?"

Nilimweleza. Akaiweka santuri tena, akapunguza sauti, akanituma kwenye kona ileile. Safari hii nilijua ninachotafuta. Nyuma ya nyuzi kulikuwa na kitu kikavu, kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya pili: tek, tek-tek. Nilisimama pale hadi santuri ikaisha.

Nyumbani niliamua kukipa kisanduku heshima niliyokinyima mwanzoni kwa sababu ya umbo lake. Niligongomea rafu juu ya mlango, mama akatandika kitambaa alichofuma, nikakipandisha. Baba alisikiliza kidogo, shingo imeinuka kama mtu anayetazama mvua.

"Mwanangu," alisema, "umewahi kuona nyatiti ikipigiwa darini?"

Mama alicheka hadi akaketi. Nami nikacheka, ingawa masikio yaliwaka moto. Utoto wangu wote nilikaa mbele ya mtu huyu, na sauti ilikuwa ikinijia kutoka chini, usawa wa magoti. Nilikuwa nimeyaandika maneno yake daftarini na kusahau mahali yalipotokea.

Nikakiteremsha. Mama alikwenda chumba cha ndani bila kuagizwa, akarudi na kigoda cha baba, kile kifupi kilichong'arishwa na miaka ya kukaliwa. Hakukuwa na mtu aliyekikalia tangu augue. Akakiweka pembeni. Mimi nikaweka kisanduku sakafuni, karibu na mguu wa baba, kikiegemea kigoda.

"Punguza," baba alisema.

Nikapunguza.

"Punguza tena, nisikie."

Nilipunguza mpaka nikasikia kuku wakiparua nje. Santuri ikazunguka. Nyuzi zikaja kwanza, nyembamba, kila moja mahali pake, halafu kile chuma: tek, tek-tek. Baba alifumba macho. Midomo yake ilianza kutembea, si kwa maneno bali kwa kile kilichokuwa chini ya maneno. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikisogea juu ya goti, vikijaribu kazi isiyo yao.

Mama alikuwa ametoka tena. Aliporudi alipiga magoti mbele yake, akiwa ameshika ile pete ya chuma. Kumbe alikuwa ameificha pamoja na nyatiti, ameipaka mafuta isishike kutu. Alitazama mguu wa kulia, kisha akauacha. Akaivisha kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto.

"Huo haujui," baba alisema, macho bado yamefumbwa.

"Utafundishwa," mama alisema.

Baba alianza kugonga ukingo wa mvule. Alichelewa. Akagonga tena, akachelewa, na yule baba wa kwenye santuri akaendelea bila kumngoja. Upande ulipokwisha nilinyoosha mkono nigeuze.

"Acha huohuo," alisema. "Rudisha mwanzo."

Nikarudisha sindano mwanzo, nikakaa sakafuni.