Jua la Kulipiga Kaburi la Baba

Kaka yangu mkubwa aliukata mti wa mama kwa sababu ya poda, na hadi leo nikikumbuka nina hasira.

Mwarobaini huo mama aliupanda tulipomzika baba, kwenye makaburi ya upande wa mlimani, nyuma ya mtaa wetu wa Rugenge. Ulipokua, kila Jumapili baada ya misa alikaa kivulini mwake akisugua kaburi kwa brashi na maji ya kidumu, maana vumbi na ukungu wa masika viliifanya saruji kuwa nyeusi. Huku akisugua, alimsimulia baba habari za wajukuu.

Kaka alikuja likizo kutoka Ulaya na poda nyeupe ya titani sandukuni.

"Unaichanganya na simenti ya lipu," alitueleza. "Jua ikiipiga, uchafu unavunjika yenyewe, mvua inaubeba. Tena inakuwa ngumu kuliko ya kawaida. Mama hatasugua tena."

Fundi aliyeletwa na kaka alipomaliza kulipiga kaburi lipu alitazama matawi juu, akasema, "Lakini hapa jua haifike."

Kesho yake nilipanda na mama tukaukuta mti umelala, matawi yameangukia misalaba ya jirani. Kaka alikuwa amesimama kando, anajipangusa jasho. Mama alikishika kisiki.

"Yaya, weye ulimuuliza nani?" nilimfokea kaka.

"Minye nilitaka kumupunguzia mama taabu."

"Alikuambia ni taabu? Lini?"

"Usipige kelele kwenye makaburi," alinijibu, kana kwamba mkosaji ni mimi.

Poda inafanya kazi, sitasema uongo. Masika yamepita, makaburi ya jirani yamekuwa meusi, la baba linang'aa hadi wapita njia wanauliza ni saruji gani. Lakini saa za kutoka misa jua la pale ni moto mtupu. Mama alijaribu kwenda na mwavuli, akashikwa na kizunguzungu, nikambeba mgongoni hadi chini. Sasa anakwenda mara chache, asubuhi sana, na akirudi hasimulii alichomwambia baba.

"Nitaenda kufanya nini?" aliniambia. "Kaburi iko safi."

Juzi kaka alipiga simu. Kabla hata ya kuuliza hali ya mama, akasema, "Kaburi ingali nyeupe?"

"Iko nyeupe," nilimjibu. "Na hakuna muntu anaikaa karibu."

Akacheka, akadhani namtania. Nikakata simu.