Sauti ya Kuuzia Karoti

Watu wengi huchagua wimbo wa karaoke kama mtu anayeazima nguo ya kwendea harusini: wanaangalia inavyong'aa, hawaangalii kama itawatosha. Mimi siwaonei huruma. Mtu anapanda jukwaani, anashika maiki kwa mbwembwe, mstari wa kwanza anaupatia, wa pili anaupatia, halafu kiitikio kinamkuta hana pumzi wala sauti, anaanza kuwageuzia watu maiki ili wamalizie wao. Shida ni kwamba alijaribu wimbo pale unapoanzia. Wimbo haujaribiwi mwanzoni. Unajaribiwa pale juu kabisa, mahali ambapo mwenye wimbo mwenyewe alifumba macho akiurekodi.

Hilo nalijua vizuri na wala silisemi kwa kujishusha. Baa ya mtaani kwetu Mafiga ina karaoke kila Ijumaa, inaanza mapema, watu wakiwa bado na vumbi la kazini kwenye viatu. Meza yangu iko karibu na jamaa wa mashine, na kwa miaka kadhaa sasa imekuwa kawaida kwamba anayetaka kuimba anapita kwangu kwanza. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilikichukua, na hakuna aliyebisha.

Wanachuo wa Mazimbu ndio wabishi kuliko wote. Alikuja mmoja, binti mrefu mwenye sauti nzito nzuri, akataka kuimba wimbo fulani wa mapenzi uliokuwa unatamba wakati huo, wa dada mwenye sauti nyembamba kama uzi.

"Shikamoo mama. Mimi huu nauweza, naimbaga bafuni."

"Marahaba. Hebu niambie ule mstari wa juu. Usiuimbe, niambie tu, kama unamwambia mtu dukani."

Akausema kwa sauti yake ya kuongelea.

"Sasa uimbe."

Akauimba, akapaliwa. Wenzake wakacheka. Nikamtafutia wimbo wa taarabu, wa mwanamke anayemweleza jirani yake kwamba hana muda wa kugombana naye, maneno mengi, sauti ya chini, jicho tu ndilo linafanya kazi. Alipomaliza, watu walikuwa wamesimama. Mpaka leo akiniona sokoni ninakouza mboga ananunua hoho asizozihitaji.

Dereva mmoja wa lori aliyezoea kulala Mikese alikuja na mchumba wake, akataka kumwimbia wimbo wa kuomba msamaha. Nikamuuliza kama kuna kosa. Akasema hakuna. Nikamwambia basi asiimbe, maana mchumba atakwenda nyumbani akitafuta kosa lenyewe mpaka alipate. Akaimba wimbo wa kusifia safari, wenye kiitikio kifupi ambacho hata asiyejua kuimba anakipigia meza. Mchumba alicheka jioni nzima.

Kwa hiyo kuchagua ninajua. Ila kuna mwaka mmoja mzima niliowachagulia watu wote nyimbo, na mwenyewe sikuimba hata mmoja.

Nimekulia kijiji cha misheni huko Mgeta, kwenye mteremko ambao ukidondosha kitunguu unakifuata nyumbani kwa jirani. Kwetu mtoto anajua anaimba sauti ya ngapi kabla hajajua kusoma. Sauti ya kwanza ni ya wanawake wa juu, ya pili ni wanawake wa chini, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza. Si sauti ya kwanza ya kujazia benchi. Nilikuwa ile moja ambayo mwalimu wa kwaya akiinua kidole, wengine wananyamaza ili isikike peke yake. Niliposhuka mjini kuuza mboga nilishuka nayo, nikaingia kwaya ya parokia, na Ijumaa nikaenda nayo karaoke. Nilikuwa na wimbo wangu, na kila mtu pale baa alijua ni wangu. Mashine ile ina uwezo wa kushusha wimbo ukawa wa chini zaidi, na mimi nilikuwa nawacheka waliokuwa wanashushiwa. Niliona wimbo ulioshushwa ni kama kabichi iliyomenywa majani mpaka ikabaki kama ngumi.

Halafu nikaota tezi shingoni. Daktari alinieleza mapema, kwa upole na bila kuficha, kwamba mshipa wa sauti unapita palepale, na kwamba baada ya kutolewa huenda sauti isiwe ileile. Nilitia sahihi. Tezi ilitoka salama, nikapona, nikarudi sokoni. Sauti ilirudi pia, lakini ilirudi ikiwa imeshuka, nzito, yenye mchanga ndani yake. Kule juu nilikokuwa naishi kulikuwa kumefungwa kabisa. Nilikuwa nafungua mdomo na hewa inatoka tupu.

Sikukubali. Nilisubiri kovu likauke vizuri, Ijumaa moja nikaenda baa nikamwambia jamaa wa mashine aweke wimbo wangu, kama ulivyo, asiushushe. Nilifanya kosa lilelile ninalowakataza watu: nilikuwa nimejaribu mwanzo tu. Mwanzo ulipita. Kiitikio kilipofika, sauti ilikatika mbele ya baa nzima. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Na watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi kwa nguvu kuliko siku yoyote niliyowahi kuimba vizuri. Wengine wakasimama. Mama mmoja akaja kunishika mkono na kuniambia, "Pole sana, Mungu ni mwema." Makofi yale yaliniuma kuliko kidonda. Nilijua ni makofi gani, maana na mimi nimewahi kuwapigia wagonjwa.

Tangu siku hiyo nikaacha kuimba. Kwaya nikaacha, nikamwambia mwalimu kwamba biashara imekuwa nyingi. Karaoke niliendelea kwenda, kwa sababu kuchagua hakuhitaji koo. Watu walikuwa wananionea huruma kwa adabu, wakipita kwangu kuomba ushauri hata pale walipokuwa wanajua wataimba nini, ili nisijisikie vibaya. Nilikuwa nakasirika, lakini humpigii mtu kelele kwa kuwa mwema.

Kilichonitisha zaidi ni mtani wangu. Mimi ni Mluguru na yeye ni Mnyamwezi, tumepakana sokoni, mimi na mboga zangu, yeye na dagaa wake. Anayejua utani anajua tunavyoishi. Asubuhi ananiuliza kama nimeshuka mlimani kwa miguu au nimebingirika. Namwambia dagaa wake wamekufa kwa kuangalia sura yake. Alinizika mara nyingi, na mimi nimemzika mara nyingi, tukaliliana machozi ya uongo mbele ya wateja. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mbele ya watu na huruhusiwi kukasirika. Unakikomboa kwa kufanya analotaka. Ndivyo tulivyo. Baada ya Ijumaa ile, mtani wangu aliacha. Asubuhi akawa ananisalimia kama mtu wa benki. "Umeamkaje? Shingo inaendeleaje?" Hapo ndipo nilipoelewa jinsi hali yangu ilivyoonekana. Mnyamwezi akianza kumheshimu Mluguru, ujue Mluguru huyo anahesabiwa kuwa yu mahututi.

Nilikaa hivyo mwaka mzima, na sitaki kujifanya kwamba nilikuwa na busara yoyote ndani yake. Nilikuwa na hasira na huzuni. Nilitaka sauti yangu.

Ijumaa ninayoikumbuka, nilikuwa nimevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama kutwa. Nilikuwa namchagulia fundi cherehani mmoja wimbo. Mtani wangu, ambaye kwa kawaida huja kula tu, akaja kwenye meza yangu, akainama, akavichukua viatu vyangu vyote viwili, akapanda navyo jukwaani na kunyang'anya maiki.

"Jamani," akasema, "nina viatu vya Mluguru hapa. Mwenyewe amewavalisha watu wote wa Mafiga nyimbo, yeye anatembea uchi. Havitoki mikononi mwangu mpaka aimbe."

Niliona nyuso za watu zikimlaani. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, muacheni mama wa watu." Nami nikasema, "Mtani, unajua koo langu."

"Koo lako nalijua kuliko wewe," akanijibu hukohuko kwenye maiki. "Kila asubuhi unanitoboa masikio nalo. Karotiii, hoho, njegere za Mgetaaa! Wateja wamekimbia? Nani pale sokoni amekuambia pole kwa sauti hiyo? Mimi nakaa pembeni yako, dagaa wangu ndio wangekuwa wa kwanza kulalamika."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu ambacho kilikuwa mbele yangu mwaka mzima. Ni kweli. Baada ya kupona, sauti ya zamani ya kunadia ilikuwa imegoma, nikaanza kuita wateja kwa hii nzito, na wala sikuwahi kufikiria. Ilikuwa inatoka kifuani, ndefu, haikatiki, inafika mpaka kwa wauza nyanya. Kila siku tangu alfajiri. Ningekuwa mteja wangu mwenyewe, ningejiambia kitu gani? Ningejiambia: hebu sema ule mstari wa juu, kama unamwambia mtu dukani.

Nikaenda pekupeku mpaka kwa jamaa wa mashine. Saruji ilikuwa ya baridi. Akaniuliza kwa upole kama aweke wimbo wangu, aushushe kidogo. Nikamwambia hapana. Wimbo ule ulikuwa wa mwanamke niliyekuwa zamani, na hata ukishushwa ungebaki wake. Nikamwambia aniletee dansi. Nikapitisha macho kwenye kioo chake, nyimbo za bendi za zamani ambazo mji huu umezilea, na kila mmoja nikausema mstari wake wa juu kimoyomoyo kwa sauti ya kuuzia karoti. Mmoja ukapanda mno. Mwingine ulikuwa na maneno ya haraka ambayo pumzi yangu haiyawezi tena. Wa tatu nikausimamia. Ulikuwa wa mwanaume aliyerudi kutoka safari akakuta mlango umefungwa, anagonga na kujieleza, hana haraka. Mahali pake pa juu kabisa ni pale anapoita. Na kuita nilikuwa naita kila siku.

"Huu wa mwanaume," jamaa wa mashine akasema.

"Weka."

Mstari wa kwanza ulitoka mdogo. Nikaangalia ukuta wa nyuma wa baa, nikajifanya kule mwisho wa ukuta kuna mteja anayepita bila kuangalia mboga zangu. Nikamwita. Sauti ikatoka nzito, na mchanga wake, ikaenda mpaka ukutani ikarudi. Haikukatika. Nilisikia furaha ikinipanda tumboni, nikajizuia nisicheke katikati ya wimbo wa mtu aliyefungiwa mlango. Kiitikio kilipofika watu wakaitikia bila kuombwa, kama dansi linavyotaka, na wazee wa meza moja wakaanza kugonga chupa. Nikagonga mlango ule mpaka ukafunguka.

Nilipomaliza, walipiga makofi ya kawaida. Nasema ya kawaida, na nilikuwa nayasikiliza kwa makini sana. Mtu mmoja alipiga huku akitafuna mshikaki. Wawili hawakupiga kabisa, walikuwa wanaongea yao. Yule fundi cherehani akauliza kwa sauti kama zamu yake imefika au bado. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyenishika mkono. Nikarudi kwenye meza yangu machozi yakinitoka, na hayakuwa ya huzuni.

Mtani wangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, viatu vyangu mapajani. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. Kisha akavitupa chini mbele yangu, kimoja kikaangukia upande.

"Mluguru," akasema, "umeimba hovyo kabisa. Ijumaa ijayo nakuchukulia gauni."

Nikavaa viatu vyangu. Ulikuwa umepita mwaka mzima bila mtu yeyote kuthubutu kuniambia kwamba nimefanya kitu hovyo.