Hajapauka

Kwetu Nyamwaga watu wanaita kila kitu piko. Ukipaka mkono rangi nyeusi, piko. Ukipaka nyekundu, piko. Nimechoka kuwasahihisha. Piko ni dawa ya nywele, imejaa kemikali, na nimewahi kumwona bibi harusi akifika kanisani na malengelenge mkononi kwa sababu fundi wake alikuwa na haraka ya weusi. Mimi natumia hina, majani ya mti yaliyokaushwa na kutwangwa. Wateja wakiingia saluni kwangu nilikuwa nawaambia, kwa kiburi kabisa, kwamba hina haijawahi kumdhuru mtu. Siku hizi sisemi tena.

Nilifundishwa na mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Tanga, aliyepanga chumba cha uani nyumbani kwetu. Kila likizo alirudi na mfuko wa majani. Tuliyatwanga kwenye kinu cha mama, tukayachekecha kwa kipande cha soksi ndefu mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto, tukaukanda kwa chai ya rangi na ndimu, tukauacha ulale. Koni za kuchorea tulisokota kwa karatasi ya nailoni. Hina ikikaukia mkononi unaidondoshea maji ya ndimu yenye sukari ili isibanduke mapema. Yeye alimalizia kwa mafuta ya karafuu. Mimi sikuwa nayo, nikawa natumia samli, na mpaka leo naamini samli ya ng'ombe wetu inaitunza rangi vizuri kuliko karafuu yake.

Alikuwa na masharti yake. Usimpake mwenye kidonda. Usimpake mtoto mchanga. Na lile jingine alilolisema huku anacheka, koni mkononi: "Mjamzito mpake miguu tu. Viganja na kucha mwachie nesi."

Nilicheka naye. Nilijua ni mwiko wa pwani. Sisi Wakurya tuna miko yetu ya kututosha, nani asikae wapi na mkwe wake, nani asile nini, na sijawahi kuona mtu wa Tanga akihangaika kuifuata. Kwa nini mimi nihangaike na wa kwao? Mwalimu akahamishwa, masharti yake nikayabeba kama mtu anavyobeba vitu vya mpangaji aliyeondoka, vingine unatumia, vingine vinakaa tu.

Tatizo la hina huku kwetu ni maji. Ukishapakwa unatakiwa kukaa nusu siku mikono imekaa tu, na ukishaibandua usiguse maji mpaka kesho yake, la sivyo rangi inabaki ya kutu. Mwambie hivyo mwanamke anayechota, anayeosha vyombo, anayekamua. Ndiyo maana wateja wangu walikuwa maharusi tu, kwa kuwa bibi harusi ndiye mwanamke pekee asiyetumwa, na hata yeye ni kwa siku chache.

Mdogo wangu aliolewa Robanda, pembeni kabisa mwa hifadhi. Mumewe ni mlinzi kwenye kambi ya watalii, anakaa huko wiki kwa wiki. Mwaka ule tembo waliingia mahindi yakiwa yameanza kubeba, wakala na kukanyaga, kilichobaki kikawa cha kugombania. Mdogo wangu na mama mkwe wake walikuwa wakichoma matofali ya kinyesi cha ng'ombe yaliyochanganywa na pilipili pembeni mwa shamba, kwa sababu tembo hapendi ule moshi. Binadamu naye haupendi, ila hakuna aliyemuuliza.

Nilipanda basi la Mugumu kwenda kumwona, mimba yake ikiwa mwezi wa nane. Nilimkuta anatoka jikoni kuja nyumbani, hatua kama ishirini hivi, na katikati akakaa chini kupumzika. Alikuwa anatafuna udongo wa kichuguu. Nikamtania kwamba tembo wamemaliza mahindi na yeye anamalizia ardhi. Akacheka bila sauti. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Nimepauka, dada," akasema. "Niangalie. Kama mtu ambaye hana hata mafuta ya kupaka."

Kwetu kupauka ni hivyo, ngozi kukosa mafuta. Nikamwambia nimekuja na dawa ya kupauka.

Niseme ukweli wote. Sikumpaka kwa ajili ya urembo. Niliona jinsi alivyokuwa akiitwa. Kuni, yeye. Maji, yeye. Ndama wametoroka, yeye na tumbo lake. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mzee mwenye magoti mabovu na shamba lililoliwa. Lakini mimi hasira zangu ziko karibu, na nilikuwa natafuta namna ya kumkalisha mdogo wangu chini bila kugombana na wakwe zake. Hina ndiyo ilikuwa namna hiyo. Kama ningechora ua dogo mgongoni mwa mkono, wangesema hapo maji hayafiki. Basi nikajaza viganja vyote, nikajaza ncha za vidole, nikajaza kucha zote kumi. Kila nilipoongeza hina niliona naongeza saa za kupumzika.

Nilimkumbuka mwalimu. Sitasema nilisahau. Koni ilikuwa juu ya kiganja cha mdogo wangu na sauti ya yule mwalimu ikanijia, na nikasema moyoni, mwiko wao hautuhusu. Kiganja chenyewe kilikuwa cheupe kama ugali wa sembe. Na mimi, fundi, nilifurahi, kwa kuwa hina inaonekana vizuri penye weupe.

"Mama," nikamwambia mkwe wake, "huyu ameshikwa na hina, hagusi maji mpaka kesho."

Mama mkwe aliitazama ile mikono, akatazama ndoo, akaichukua ndoo. Mdogo wangu aliniangalia kama mtoto aliyeiba sukari asikamatwe. Nilimfunga mikono kwa mifuko ya nailoni, nikamlisha ugali tonge kwa tonge, na mchana ule alilala kwenye mkeka mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyekuwa akiudai muda mrefu. Nilipobandua, rangi ilikuwa imekolea ajabu. Nikampaka samli. Majirani walikuja kuangalia. Mmoja akasema, sasa ana damu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama mkwe, aliyemsindikiza. Baada ya wiki moja walikwenda kliniki. Vipimo vya damu vilikuwa vimekwisha, wakaambiwa labda mwezi ujao. Mhudumu alikuwa na foleni mpaka nje. Alimfunua macho, yakawa mekundu. Akageuza viganja, vikawa vyekundu. Akaminya kucha, nazo nyekundu. Kwenye kadi, mahali pa damu, hakuandika namba. Aliandika neno moja: hajapauka. Kwa lugha ya kliniki, yaani hajaishiwa damu.

Simlaumu. Nimejaribu kumlaumu, tena kwa nguvu, na ningependa sana iwezekane. Alisoma pale alipofundishwa kusoma, na mimi nilikuwa nimetangulia kuandika.

Alijifungua nyumbani, kabla ya wakati wake, mtoto wa kike, mzima. Hakutoka damu nyingi. Hilo ndilo kila mtu alilolirudia, kwamba haikuwa nyingi, wanawake wa pale wameona zaidi ya ile. Lakini yeye hakuwa na ya kupoteza. Walipomfikisha hospitali alikuwa hajui yuko wapi, na damu ya kumwongezea ilikuwa bado inatafutwa alipokata roho. Nesi akamuuliza shemeji, huyu amekuwa hana damu kwa miezi, kliniki hawakuona? Shemeji akatoa kadi. Nilikuwa nimefika muda huohuo kutoka Nyamwaga, nikaisoma begani kwake. Kisha nesi akauinua mkono wa mdogo wangu, akaugeuza, na akaacha kuuliza.

Nilikuwa miongoni mwa tuliomwosha. Viganjani rangi ilikuwa imeanza kufifia, rangi ya maboga, lakini kwenye kucha ilikuwa ileile. Nikaomba ndimu, nikasugua. Wanawake wakafikiri ni uchungu, wakanishika mikono, wakaniambia mwache aende amependeza. Tukamzika na kucha nyekundu. Mama mkwe alinishukuru mbele ya watu, akisema angalau siku moja katika nyumba yake huyu binti alipumzika. Nikainama kama mtu anayepokea shukrani.

Sikumwambia mtu kwa mwaka mzima na zaidi. Nilikwenda Robanda kumwona mtoto, nikabeba nguo, nikabeba sabuni, nikarudi na siri yangu. Kisha juzi mama mkwe akanipigia simu: mke wa mwanawe mdogo ana mimba, amechoka, njoo na ile dawa yako umkalishe na huyu.

Nikaenda. Ningekataa ningeulizwa kwa nini.

Nilianza na miguu. Binti yule alikaa kwenye mkeka uleule, mtoto wa mdogo wangu akizunguka na kipande cha muwa. Nilipomaliza nyayo nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Na viganja?" mama mkwe akauliza.

"Mjamzito hapakwi viganja, mama. Ni mwiko."

"Mwiko wa wapi?"

"Wa pwani. Wa aliyenifundisha."

Akacheka, akamshika binti mkono na kunisogezea. "Miko ya pwani inatuhusu nini sisi? Mpake. Akipakwa miguu tu si atachota maji?"

Nilikuwa nimeishika koni. Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, yamenirudia kwa mdomo wa mtu mwingine, na nikajua nikiondoka bila kusema, atamtafuta mwingine wa kumpaka. Nikaiweka koni chini. Nikamweleza: kwamba nesi anaisoma damu kwenye kiganja na kwenye kucha, kwamba nilimziba mdogo wangu kote pale, kwamba kadi iliandikwa vile kwa sababu ya mkono wangu. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya.

"Ulikuwa unajua?" akauliza mwishoni.

"Niliambiwa, mama. Sikuuliza kwa nini."

Alimtazama mtoto na muwa wake. Kisha akaugeuza ule mkono wa binti, akakiangalia kiganja kwenye mwanga, akakilinganisha na cha kwake, kama anayesoma bila kujua herufi. Akamwinua binti, akampeleka kwenye ndoo, akapiga magoti yake mabovu na kuanza kumsugua miguu. Nikamwambia miguu haina neno, mama, miguu mwachie. Aliendelea kusugua, na nyayo zilikuwa zimeshashika rangi.