Paka Kahamishwa, Karasha Imebaki

Juzi, kwenye duka la dawa Nyamisangura, aliingia mzee mweupe kwa vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Alitaka dawa ya kuvuta, ya mjukuu wake mwenye pumu.

“Shikamoo mzee. Ile ya juzijuzi imeisha?” muuzaji akamuuliza.

“Marahaba. Imeisha. Na paka nimeshampeleka kwa shemeji Busawe, maana mlisema manyoya yake ni mabaya.”

“Na ile karasha ya kusagia mawe ya dhahabu?”

“Ipo uani. Nikiiweka mbali, mawe yataibwa.”

Akajipangusa bega. Dukani sote tukakohoa.

“Mzee, ihamishe.”

“Sasa binti, hii dawa nitainunua kwa hela gani?”

Muuzaji akamfungia dawa. Nasikia huko Busawe paka anapumua vizuri sana.